Mkono Baridi wa Nakijwa

Paukwa!

Pakawa!

Aka, mmekula au hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogeeni, na wewe Mbonea acha kumfinya mwenzio.

Hapo kale, juu mlimani, pale msitu unapokoma na nyika ya majani magumu inapoanza, palikuwa na birika. Siyo birika la chai, msinichekee! Birika la kuogea, la mawe, lililojengwa na watu ambao hata bibi yangu hakuwajua. Maji yake yalitoka nyikani, nayo yalikuwa baridi, baridi, baridi ya kuuma mifupa.

Mgonjwa akifikishwa pale alizamishwa mara tatu. Kisha alirudi nyumbani akichuruzika maji, mpaka jua limkaushe. Sharti lilikuwa moja tu: birikani moto hauwashwi. Na watu walipona.

Basi palikuwa na mwanamke akiitwa Nakijwa. Siku moja alimpeleka baba yake, mzee Sekiete, aliyekuwa akisumbuliwa na magoti. Mzee alitia kidole tu, akapiga kelele.

"Yalaa! Mwanangu, mbona unaniua?"

Nakijwa akaingiwa na huruma. Akawasha moto, akapasha jiwe, akalitumbukiza majini. Chwaaa! Maji yakawa vuguvugu. Mzee akaoga huku anatabasamu. Magoti hayakupona, lakini alimsifu bintiye njia nzima.

Habari zikaenea. Kesho yake watu wakapasha mawe. Keshokutwa wakapasha mawe. Nani anapenda kutetemeka? Hata sisi tungepasha.

Sasa, juu kule nyikani lilikaa zimwi. Lilikuwa halijawahi kuota moto tangu lizaliwe. Likanusa joto. Likashuka, puu! puu! puu! Likaingia birikani, likajaa humo hadi shingoni, likafumba macho kwa raha.

"Nipasheni!" likanguruma. "Mawe ya moto asubuhi, mchana na jioni. Yakipoa, nameza mtu!"

Wakapasha kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Siku moja kuni zilikuwa mbichi, mawe yakachelewa. Zimwi likanyoosha mkono, likamchukua mzee Sekiete na mzigo wake wa kuni, likammeza. Nakijwa alilia mpaka sauti ikakauka. Alijua moto wa kwanza aliuwasha nani.

Haukupita mwezi, mwanawe Nanzia akashikwa na homa. Mtoto wa miaka sita, na wa pekee. Mwili ulimchoma, akaweweseka, akakataa hata maji. Wakamkandia majani, wapi! Siku ya tatu hakumtambua mama yake.

"Mpeleke birikani," akasema jirani yake, Mama Kandia.

"Birika lipi, dada? Yale siku hizi si maji, ni mchuzi wa zimwi."

"Basi tutamzika," akasema Mama Kandia, naye akaanza kulia.

Nakijwa akahesabu zamu. Kesho yake ilikuwa zamu yake ya kupasha. Akakumbuka kwamba zimwi haliangalii mawe. Likiona tu yana jivu la moto, linafumba macho.

Asubuhi akapanda nyikani, akaokota mawe matatu makubwa yaliyolala kwenye umande ulioganda. Akayapaka jivu, akayaburuta hadi birikani kwa ngozi ya ng'ombe. Mama Kandia akajibanza nyuma ya ukuta na Nanzia mgongoni.

Nakijwa akatumbukiza jiwe la kwanza.

"Mbona hili halina joto?" zimwi likauliza.

"Subiri, bwana mkubwa. Joto lake liko ndani, linatoka polepole."

Akatumbukiza la pili.

"Mbona meno yangu yanagongana?"

"Ndiyo joto linaingia mifupani, bwana mkubwa. Tulia."

Akatumbukiza la tatu. Zimwi likafumbua macho. Lo! Likamdaka mkono wa kulia, likamvuta majini.

"Umenidanganya! Washa moto nikuachie!"

"Siwashi."

Baridi ikampanda Nakijwa kiunoni. Alitamani moto, wanangu, msidhani hakutamani. Kidogo tu.

"Washa moto nikuachie, ukaishi!"

"Siwashi."

Baridi ikampanda kifuani. Nyuma ya ukuta Nanzia akaguna, "Mama..." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa siku mbili.

"Washa moto," zimwi likasema, na sasa sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kuomba. "Nasikia baridi, mwanamke. Nihurumie."

"Nilishamhurumia mtu hapo hapo ulipo," akasema Nakijwa. "Nikamuua baba yangu. Siwashi."

Nakijwa aliogeshwa maji yale tangu utotoni. Zimwi lilikuwa limeshazoea kupashwa. Likakakamaa miguu, likakakamaa tumbo, likakakamaa shingo, likawa jiwe. Kidole baada ya kidole, Mama Kandia akambandua Nakijwa kutoka kwenye kile kiganja.

Usiniulize, Mbonea, kama mzee Sekiete alitoka tumboni. Hakutoka. Yumo humo mpaka leo.

Maji mapya kutoka nyikani yalipojaa kando ya lile jiwe, Nakijwa akamchukua mwanawe. Akamzamisha mara ya kwanza, mtoto akapiga mayowe, "Mama, unaniua!" Maneno yaleyale ya babu yake. Lakini Nakijwa hakumtoa. Akamzamisha mara ya pili, mtoto akalia kwa kwikwi. Akamzamisha mara ya tatu, mtoto akamtazama usoni, akamjua.

"Mama," akasema, "nina njaa."

Wakarudi nyumbani wote wawili wakichuruzika maji, na jua likawakausha. Jua lilikausha kila kitu isipokuwa ule mkono wa kulia wa Nakijwa. Mkono ule haukupata joto tena, si juani, si jikoni, si chini ya blanketi. Mtoto yeyote kijijini akipandwa na homa, mama yake alikimbilia kwa Nakijwa. Naye alikuja, akauweka ule mkono baridi kwenye paji la uso wa mtoto, akakaa hapo mpaka homa ishuke. Na kila mara, kabla ya kuondoka, alisema polepole, "Nisamehe, baba."

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa birika, na anayetaka kuipasha moto atajibizana na mimi. Mnachotakiwa kushika ni hiki: ukimpenda mgonjwa, mpe kinachomponya, hata kama atakulilia.