Zimwi Lililochukia Mvumo wa Nyuki

Sogeeni karibu, nami niwape ngano, mkiisikia, itikieni.

Palikuwa na mrina asali aitwaye Ngasa. Zimwi la msituni, lililochukia mvumo wa nyuki, likamwambia, "Choma mizinga yako yote, nami nitakupa kibuyu cha asali isiyokwisha."

Siku ya kwanza Ngasa akachoma mizinga ya bondeni. Siku ya pili akachoma ya mlimani. Siku ya tatu akachoma ya nyuma ya nyumba yake. Msitu ukanyamaza, naye akapewa kibuyu.

Mvua zikaja. Maboga yakachanua, maua yakanyauka, yakaanguka bila tunda. Matango vivyo hivyo. Watoto wakalamba asali mpaka wakaitapika, huku wakilia njaa.

Mkewe, Nyamizi, akachukua unyoya wa kuku, akawa anapeleka chavua ua kwa ua, tangu alfajiri mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Akapata maboga manne. Kijiji kilikuwa na nyumba sitini.

"Mume wangu," akasema, "kazi hii nyuki walitufanyia siku zote, nawe ukawachoma."

Ngasa akarudi mbio msituni na kibuyu chake. "Chukua asali yako, nirudishie nyuki!"

"Asali naweza kutengeneza," zimwi likasema. "Nyuki siwezi."

Ngasa akachonga mzinga mpya, akautundika, akasubiri. Mwaka wa saba wakaja nyuki wachache, wasiojaza hata kiganja. Akapiga magoti, akalia kwa sauti.

Ngano yangu imefika hapo. Aliyeisikia amsimulie mwenzake.