Tenga la Fisi na Mikia Iliyopinda

Hapo zamani za kale, mikia ilipokuwa bado inasikia amri, Fisi alichumbia binti wa ng'ambo ya kilima. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako, sirudii!

Fisi akavamia shimo la kuchakuro, wale wadogo wa shambani wenye mikia mirefu. Akamkamata Mama Tindi na wanawe kumi na mmoja, akawapanga tengani, mikia imenyooka, ubavu kwa ubavu. Akatikisa. Hakusogea hata mmoja.

"Zawadi ya wakwe hii! Jioni mtakuwa mchuzi."

Mama Tindi, mbavu zimebanwa, akawaza. Samli kwenye baridi ya asubuhi huganda kibuyuni, ukiinamisha haitoki. Mafuta ya ufuta humwagika tu.

"Mzee Fisi, wakwe watakufukuza."

"Kwa nini tena?"

"Mikia imenyooka kama kuni! Nani anapeleka kuni ukweni? Watakutuma jikoni. Tukiikunja katikati, tutakuwa pambo."

"Lo! Kunjeni basi, upesi!"

Wakakunja. Kumbe kila mkia ukamsukuma jirani, nafasi zikatokea huku na huku. Kifuniko kikaruka, puu!

"Kaeni!" Fisi akakandamiza. Upande huu ukaingia, ule ukatoka. "Nimesema kaeni! Si mlikuwa mnatosha?"

"Tunatosha, baba. Sukuma kulia."

"Nimeshasukuma kulia!"

"Basi kushoto."

"Aaah! Mnanichosha nyie!"

Ngoma ya ukweni ilishaanza kulia. Fisi akafunga kamba hivyo hivyo, kifuniko kikiwa upande, akajitwika tenga na kukimbia.

Tiki-tiki, tenga likayumba. Kwa kuwa sasa hakuna aliyembana mwenzake, watoto wakateleza mmoja mmoja kwenye upenyo, chururu! mpaka majanini. Mama Tindi akatoka wa mwisho. Mzigo ukawa mwepesi, na yule mjinga akadhani ni furaha ya harusi.

Ukweni akafunua kwa mbwembwe.

"Tenga tupu?" baba mkwe akauliza.

"Walijaa, mzee! Walijaa mpaka kifuniko kikakataa kufunga!"

Hapo ndipo walipomfukuza kwa mawe.

Mnacheka nini, mmeelewa lakini? Ndani ya samli mna vijimkia visivyoonekana, vingi vimenyooka, hulala vikibanana, ndiyo maana huganda. Vya mafuta ya ufuta vingi vimepinda, havibanani, ndiyo maana humwagika.

Basi mnyonge akijua umbo lake, tenga la mwenye nguvu halimfungi.