Jina la Mjukuu na Swichi ya Stefano

Binadamu ana mikono miwili tu, lakini macho yake hutamani kubeba soko zima. Ndiyo maana wahenga walituonya kuhusu mtaka yote. Stefano, mwenye duka la intaneti kando ya barabara kuu pale Mikumi, alifundishwa methali hiyo shuleni, akadhani inawahusu walafi wa wali.

Mwaka 2005 duka lake lilikuwa gumzo la mji. Paulina, fundi wake, alipofunga swichi, kile kisanduku kinachopitisha mawasiliano ya kila kompyuta, alishauri simu za intaneti zipewe nafasi ya kwanza, barua pepe zifuate, filamu zije mwisho.

"Mteja wangu awe wa mwisho? Thubutu!" Stefano alisema. "Wote waweke wa kwanza."

Alitaka asifiwe na kila mtu. Paulina alitii shingo upande.

Jumamosi moja waliingia Mzee Maduhu na mkewe Coletha, wafugaji kutoka Kisanga, wamevalia nguo za sikukuu. Mwana wao Masunga, aliyekuwa akisoma India, alikuwa amepata binti. Katika ukoo wao jina hutamkwa na babu, mtoto mwenyewe akisikia. Kesho yake hospitali ingemwandikisha, jina liwe limetoka au halijatoka.

"Shikamoo, mzee," Paulina alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumpa mjukuu jina."

Simu iliunganishwa. "Baba, mtoto yuko hapa, anakusi..." Sauti ya Masunga ilikatika, ikarudi, ikakatika tena. Wakati huohuo filamu aliyokuwa akiipakua Kondo, mwenye banda la video, ikigombea njia ileile na simu, iligoma. Barua ya maombi ya kazi ya Joyce, mteja wa kompyuta ya jirani, nayo haikuondoka.

"Stefano, unatuchezea!" Kondo alifoka huku akiinuka. Joyce naye akachukua mkoba wake.

Coletha alikuwa akilengwalengwa na machozi. Stefano alinywea kwa aibu.

"Paulina, panga ulivyotaka," alisema. Kisha akamgeukia mteja wake mkubwa. "Ndugu yangu Kondo, filamu yako itaisubiri simu ya mzee. Ukikasirika, nikasirikie mimi."

Kondo aliangua kicheko. "Si ungesema mapema! Kwani nani hana babu?"

Paulina aliingia kwenye mipangilio ya swichi, akaitanguliza sauti mbele ya vyote. Simu ikapigwa upya. Mzee Maduhu alisimama wima, akavua kofia.

"Mjukuu wangu, wewe ni Ngolo, jina la mama yangu. Karibu duniani."

Kilio cha kichanga kilijibu kwenye spika, wazi kabisa, kana kwamba yumo mle dukani. Coletha alipiga vigelegele, Joyce akampokea, na Kondo akapiga makofi hadi viganja vikawa vyekundu. Ilikuwa raha tupu! Barua ya Joyce iliondoka. Filamu nayo ilijikongoja, lakini ilifika.

Alipowaweka wateja wote mbele, Stefano nusura abaki na viti vitupu. Alipokubali mmoja atangulie, wote walitoka wakicheka. Ama kweli, mtaka yote hukosa yote.