Mlango Uliokataa Kushika

Wanaopenda kuhukumu upesi wakae mbele, waonekane. Hadithi ni hii. Kesi ni yenu.

Palikuwa na hospitali ya misheni huko milimani, mahali ambapo ukungu huamka kabla ya watu, na nguo zilizoanikwa Jumatatu huanuliwa Alhamisi zikiwa mbichi bado. Katika chumba chake cha kufulia walikuwamo wanawake watatu, kila mmoja na chake. Bibi Subilaga alikuwa na vidole: miaka thelathini na mmoja ya kufua kwa mkono ilimfundisha kutofautisha doa la damu na doa la chai hata akiwa amefumba macho. Lugano, binti wa chuo cha ufundi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, alikuwa na masikio: ukimpa redio mbovu, aliisikiliza kwanza kama daktari anavyosikiliza kifua, ndipo akashika bisibisi. Na Tusekile? Watu walisema Tusekile hana lolote, ana mgongo tu. Alibeba marobota ya mashuka kutoka wodini, akayarudisha wodini. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na huu wa sasa ulikuwa unakwisha mwezi huo.

Asubuhi moja, saa tatu, Matroni aliingia bila hodi.

"Chumba cha upasuaji hakina shuka hata moja safi. Ikupa ameletwa kwa machela, mtoto amelala upande tumboni, hakutanguliza kichwa wala miguu. Daktari anasema tukivuka saa sita tutazika. Daraja limekwenda na maji, hakuna pa kumpeleka. Tukifua kwa mkono, kwa ukungu huu mashuka hayatakauka. Saa nne na nusu mashine hii iwe inazunguka, nibaki na muda wa kuyatakasa kwa mvuke. Nimeeleweka?"

Alieleweka. Asiyeelewa alikuwa mlango.

Ule mlango wa duara wa mashine ya kufulia, wenye kioo, ulifungwa ukaonekana umefungwa, lakini kufuli halikushika. Taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka. Na mashine ile haikuwa na mazoea ya kuzunguka na mlango usiojifunga. Bwana Katibu wa hospitali akaja, akaupiga teke. Akaupiga la pili, kana kwamba la kwanza halikusikika. Kisha akaenda ofisini kumpigia simu fundi wa mjini, ng'ambo ya daraja ambalo halipo.

Tusekile alijificha nyuma ya robota. Maana ukutani, juu ya mashine, palikuwa na tangazo kwa mwandiko wa Matroni: ATAKAYEANIKA KITU JUU YA MLANGO HUU, KAZI HANA. Na kwa wiki tatu za ukungu Tusekile alikuwa akiuacha mlango wazi jioni na kuanika hapo mablanketi ya wodi ya watoto, mazito kwa maji, kwa sababu bomba la maji moto lilipita pale na hapakuwa na mahali pengine penye joto. Watoto walilala pakavu. Jana aliona mlango umeinama kidogo, upana wa ukucha. Akanyamaza.

"Nipisheni," alisema Bibi Subilaga.

Alipiga magoti, akaingiza vidole katika ule mpira unaozunguka mdomo wa mashine, akaupapasa mkunjo kwa mkunjo kama anayetafuta punje ya mchanga kwenye mchele. Chini kabisa akasimama. "Kuna mgeni humu." Alivuta. Uso ukamkunjamana, lakini hakuachia. Akaendelea kuvuta mpaka kikatoka kipande cha bendeji kilichogandamana kwa sabuni, kigumu kama kamba, na pini yake ya chuma imezama chini ya ukucha wake.

"Bibi, damu!" Lugano alipiga kelele. "Bendeji ya mgonjwa gani hiyo?"

"Tutaiuliza kesho. Fungeni mlango."

Mlango sasa ukakaa kwenye mpira. Taa nyekundu ikabaki palepale. Ilikuwa saa nne kasoro kumi.

Lugano akabandika sikio kwenye mashine. "Nyamazeni wote. Dada Tusekile, fungua. Funga. Fungua tena." Akatikisa kichwa. "Halilii. Kufuli lenye uhai likipata umeme husema *tk*. Hili ni maiti."

Alizima swichi kubwa ya ukutani, akamweka Tusekile ailinde asije mtu akaiwasha, akaanza kufungua skrubu za bati la mbele. Hapo ndipo Bwana Katibu aliporudi.

"We mtoto! Nani kakuruhusu? Ukiiharibu hiyo, barua inaenda chuoni kwenu leo leo, na cheti utakisikia kwa wenzako."

"Nikiiacha hivi, Ikupa atapona?"

"Nimekuuliza nani kakuruhusu."

"Na mimi nimekuuliza, baba."

Lugano akazirudia skrubu zake. Ndani, waya mmoja ulikuwa umeliwa na mvuke ukakatika. Aliukwangua kwa wembe hadi shaba ikang'aa, akauunga, akauvika utepe. "Washa, dada."

*Tk.*

Wakashangilia. Lakini kufuli likasema tena *tk*, na tena *tk*, kama mtu anayebana meno kwenye hewa, na taa ikabaki nyekundu. Lugano alirudi nyuma, mikono kiunoni. "Umeme upo. Kufuli lipo. Kuna kitu sikisikii."

Saa nne na robo. Kutoka wodi ya jirani kilisikika kilio cha Ikupa, kikapanda, kikakatika katikati. Watu wanne chumbani waliutazama ukuta ule, wakingoja kiendelee. Hakikuendelea.

Tusekile alitazama tangazo. Akautazama mkono wa Bibi Subilaga uliofungwa kwa kitambaa. Ulimi wake ulikuwa mzito kuliko robota lolote alilowahi kubeba.

"Mlango umeinama," alisema.

"Umejuaje?" Matroni alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, hakuna aliyemwona akiingia.

"Ni mimi niliyeuinamisha, Matroni. Kwa mablanketi ya watoto. Bawaba imelegea. Ulimi wa kufuli haulioni tundu lake."

"Tangu lini unajua?" aliuliza Bibi Subilaga, polepole.

"Tangu jana, bibi."

"Na ukatuacha saa nzima tukihangaika."

"Ndiyo, bibi."

Hakungoja adhabu. Alichuchumaa, akaweka bega chini ya mlango, akaunyanyua kwa mgongo ule ule waliousema. Lugano akadaka spana. "Juu kidogo. Umezidisha. Shusha... hapo! Usipumue!" Akakaza nati moja, akakaza ya pili.

*Tk. Kap!*

Taa ikageuka kijani. Ngoma ya mashine ikaguna, ikazunguka. Saa nne na dakika ishirini na sita.

Saa sita kasorobo mtoto akalia. Wa kike.

Siku ya tatu Ikupa aliweza kukaa. Akawaita wote kitandani. "Kwetu, aliyemfungulia mtoto njia ndiye humwachia jina. Nataka jina moja tu. Mtoto wa majina matatu haitiki hata moja."

Bwana Katibu akapendekeza jina la mke wake. Ikupa akamgeukia Matroni.

"Aitwe Subilaga," alisema Matroni. "Ametoa damu yake, na mpaka leo anangoja vipimo viseme kama pini ile imemwambukiza."

"Aitwe Lugano," alisema daktari. "Pasipo umeme kufuli ni chuma tu. Na aliweka cheti chake rehani."

"Aitwe Tusekile," walisema akina mama wa wodi ya watoto, ambao hakuna aliyewaalika.

"Tusekile?" Lugano aliruka. "Angesema saa tatu, sasa hivi tusingekuwa tunazungumzia bahati!"

"Angesema saa tatu, bendeji ingekuwapo bado na waya ungekuwa umekatika bado," alijibu Bibi Subilaga. "Makosa yalikuwa matatu, mwanangu. Aliyeisahau bendeji ndani ya mashuka hajulikani. Mvuke ule uliokula waya, barua ya kuomba uzibwe ina miezi minane mezani kwa Bwana Katibu. Kosa lililopata mwenyewe ni moja tu, lile lililosemwa."

Bwana Katibu alitazama viatu vyake.

"Usimpe langu," Tusekile alimwambia Ikupa, bila kuinua macho. "Langu limeandikwa kwenye barua ya Matroni ya kunifukuza."

Ilikuwa kweli. Barua ilikuwa mfukoni mwa Matroni, imekunjwa, haijatiwa saini.

Na asije mtu hapa akakimbilia kusema "wote watatu". Hilo ni jibu la anayeogopa kugombana. Toa vidole, mlango haukai. Toa masikio, kufuli ni maiti. Toa neno la Tusekile, na wale wawili wangekuwa bado wanahangaika na taa nyekundu mpaka saa sita ipite.

Kadi ya kliniki iko mapajani mwa Ikupa. Mstari wa jina ni mmoja, kalamu imeshafunguliwa, na mtoto ameamka, anatazama huku na huku kama anayengoja kuitwa.

Haya, wewe uliyekaa mbele: mwite.