Gari la Bi Mwanakheri Lisiguswe

Si zamani sana, lori lililigonga gari la Bi Mwanakheri, mwuza mikate wa Tanga, likajikunja kama kopo. Kampuni ya bima ikakataa litengenezwe kabla mkaguzi wake hajaliona, na kila akiulizwa, mkaguzi yuko safarini Mtwara.

Jumamosi moja Bi Mwanakheri alimkuta meneja wa kampuni hiyo, Bwana Lyatuu, ofisini amevaa suti mpya. Binti yake alikuwa anaolewa mchana ule, na gari la bibi harusi lilikuwa uani limeshapambwa maua.

"Mwanangu, gari langu nisilisogeze kweli?"

"Hata shubiri, mama. Mpaka mkaguzi alione."

"Hata likimkera mtu?"

"Hata likimkera mfalme."

"Basi mwambie na mlinzi, anikumbushe. Kichwa changu kizito."

Meneja akamwita mlinzi. "Masanja, gari la mama huyu likiguswa kabla ya mkaguzi, huna kazi."

"Lakini bosi, hilo gari..."

"Nimemaliza."

Akachukua funguo, akashuka kulitoa gari la harusi. Langoni palikuwa na kile kigari cha mikate kilichokunjika, kimelala kwa upana. Gari la kuvuta lilikuwa limekiacha hapo na kwenda zake.

"Kisukume, Masanja."

"Bosi, mimi nina watoto."

Bi Mwanakheri alikuwa ameketi kivulini, anamenya chungwa. "Tuvute subira, mwanangu. Mtwara si mbali."

Meneja akatazama saa, akatazama maua, kisha akaita jina moja tu. Mkaguzi akatoka kantini mbio, kamera mkononi, chapati mdomoni.