Sura ya Jumbe Ukutani

Mji wa Mkungani ulikuwa na kisima kimoja tu, na Jumbe Mwinyikondo alikitia kufuli ili maji yote yaende kwenye bustani yake. Watu walipoanza kunung'unika, alimwita Mize, mchoraji wa kuta.

"Nichoree yale maasi ya kale, mababu walipompindua Mfalme Shungi," alimwamuru. "Kiongozi wao mpe sura yangu, watu wajue mtetezi wao ni mimi. Ukiharibu, nakutia ndani."

"Nikuchore ukifanya nini, Jumbe?"

"Alichofanya shujaa mwenyewe! Hadithi si mnaijua ninyi? Mimi sina muda wa hadithi."

Mize alichora kwenye ukuta wa uwanjani, mkabala na kisima. Picha ilipofunuliwa, Jumbe aliutazama uso wake, akautazama tena. Macho yake hayakushuka chini ya ndevu.

"Hapa umetia fora!"

"Ahsante, Jumbe. Ila watu wa hapa wakaidi. Wataitazama tu, kisha waende zao."

"Wathubutu!" Hapo hapo akaamuru mbiu ipigwe: kila mtu amuige yule shujaa wa ukutani, na atakayekaidi atafungwa.

Kesho yake asubuhi bustani haikuona tone la maji. Jumbe alifika kisimani akihema, akakuta watu wanateka maji huku wanacheka.

"Nani kawatuma kuvunja kufuli langu?"

Mize alitua ndoo, akanyoosha kidole ukutani. Pale juu Jumbe, shoka mkononi, alikuwa anapasua kufuli la kisima cha mfalme.

"Tungefanyaje, Jumbe? Tuliogopa kufungwa."