Kindi na Wakili Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile wanyama walipokuwa wakipelekana mahakamani kama sisi, Kindi aliishi na mjomba wake Kakakuona, aliyemlea tangu akiwa kichanga. Alijivunia sana mjomba huyo. Mzee wa watu, mwenye heshima zake, hana ugomvi na mtu.

Siku moja mihogo ya Mfalme Simba ikaliwa. Asubuhi Kakakuona akakutwa shambani akitafuta mchwa wake. Kamata! Akipatikana na hatia, atafukuzwa msituni asirudi tena.

Mahakama ikampa wakili wa bure: Kiboko.

"Mjomba, ameshakuja kuzungumza nawe?"

"Hajaja, mwanangu. Labda anaijua kazi yake."

"Labda!" Kindi akasonya.

Siku ya kesi Kiboko akaingia, ameshiba ndi! Akaketi, kiti kikalia kwaaa! Sheria ya pale ilikuwa hivi: mshitakiwa hasemi, anasemewa na wakili. Wakili akiinamisha kichwa, hiyo ni ndiyo. Ndugu wa mshitakiwa husimama nyuma ya wakili kumfukuzia nzi, na haruhusiwi kusema na mwingine ila wakili huyo.

"Wakili," akanguruma Hakimu Nyati, "mteja wako alikuwa shambani?"

Khoroo! Kichwa cha Kiboko kikashuka.

"Amekubali. Na alikuwa na njaa?"

Khoroo! Kikashuka tena.

"Amekubali!"

Kindi akamchungulia usoni. Kumbe wakili amelala fofofo!

"Mheshimiwa, huyu..."

"Kimya! Sema na wakili wako!"

Haya, si kasema mwenyewe? Kindi akaruka, tup, hadi begani kwa Kiboko. Akapaza sauti ukumbi mzima usikie.

"Wakili Kiboko, mihogo ya Mfalme uliila wewe?"

Khoroo! Kichwa kikashuka.

"Lahaula!" wanyama wakapiga kelele.

"Basi ufukuzwe wewe?"

Kichwa kikashuka mpaka mezani, ngo!

Hakimu Nyati akakohoa. Sheria ni sheria. "Amekubali. Askari, mkamateni!"

Kiboko akazinduka. "Nani, mimi? Mheshimiwa, sikukubali kitu! Nilikuwa nimelala!"

"Pole, baba," Kindi akamwambia kwa adabu. "Tangu saa ngapi?"

"Tangu nilipoketi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hakimu, uso umemshuka, akafuta yote yaliyokubaliwa, akamtoa Kiboko kwenye kesi na kumruhusu Kindi amsemee mjomba wake.

Kindi akaomba uletwe muhogo mmoja ulioliwa nusu. Alama za meno zilionekana wazi, kubwa kubwa.

"Mjomba, achama."

Kakakuona alikuwa amejikunja kama mpira kwa aibu. Akajikunjua taratibu, akaachama. Aaaa! Hakimu akachungulia, askari wakachungulia. Hamna jino hata moja!

"Wakili angekuja kuniuliza," mzee akamwambia Kindi, "ningemwonyesha siku ileile."

Akaachiwa huru. Akapita katikati ya ukumbi kichwa juu, Kindi mgongoni, na kila aliyepishana naye, mzee alimsimamisha.

"Umemwona huyu? Umemsikia? Nimemlea mimi!"

Nanyi wanangu, anayewasemea akisinzia, mwamsheni kabla hukumu haijasomwa.